Mkejeli na Goti la Mama

Ngoma ya muheme haipigwi kwa mikono peke yake. Mwanamke huibana katikati ya mapaja, akaielekeza mbele kidogo, na magoti ndiyo yanayoamua kama sauti itatoka nzito au itapasuka. Mama yangu ameipiga tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo maana waya wa mizabibu ulipomchana upande wa ndani wa goti, palepale ngoma inapokaa, hakulalamika maumivu. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akasema, "Na harusi je?"

Harusi ilikuwa ya binti yangu, mjukuu wake wa kwanza wa kike. Mama alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba ngoma ataongoza mwenyewe, na wanawake wa kikundi chake walikuwa wameshaanza kuja jioni kufanya mazoezi uani kwetu, upande wa Hombolo, ambako mimi, binti yake, ninalima zabibu.

Zahanati walifanya kazi yao vizuri. Nesi aliosha kidonda, akakifunga, akatoa dawa, akatueleza ukweli bila kutuzungusha: kwa umri wa mama kitapona, ila taratibu, na asikibane na kitu chochote. Mama akaitikia, akarudi nyumbani, akaibana ngoma. Kidonda kikafunguka. Tukarudi zahanati, kikafungwa, baada ya siku chache akajaribu tena.

"Bibi," nesi akamwambia, "chagua. Goti au ngoma."

"Mwanangu, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, bibi."

"Harusini kwako ngoma alipiga nani?"

"Tulikodi spika."

Mama alimtazama kwa huruma kubwa. "Pole sana," akasema, na nesi akacheka hadi akaangusha pamba.

Mambo ya zabibu nimejifunza mwenyewe, kwa kukata, kubebesha vikonyo, kukosea, na kusoma vijitabu vya kilimo nilivyookota kwa watu. Nimezoea kuamini kile nilichokijaribu. Kwa hiyo hapa ninapoandika kuhusu mti wa mkejeli, naandika niliyoyaona, na nisichokijua nitasema sikijui.

Nyuma ya shamba letu kuna kilima cha mawe, na katikati ya mawe hayo umeota mkejeli mmoja. Si mti mrefu; mtu mzima akisimama anaona juu yake. Gome lake ni la kijivu na hubanduka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Majani hutoka kabla ya mvua, wakati vichaka vingine bado vimekauka, lakini ng'ombe hawayagusi. Mbuzi huyajaribu mara moja tu. Ukichanja gome hutoka utomvu, na utomvu huo ndio habari yenyewe, kwa sababu una rangi mbili.

Utomvu wa rangi ya chai hufunga kidonda. Ukiupaka pembeni mwa jeraha leo, kesho kingo zimeshaanza kushikana, na kovu linalobaki ni jembamba kama uzi. Utomvu mweupe hufanya kinyume, tena haufanyi pale ulipoupaka tu. Hufungua makovu ya zamani popote yalipo mwilini, hata ya utotoni, kana kwamba hukupona hata siku moja. Mti ni uleule na tawi ni lilelile. Kinachotofautisha ni maneno yanayosemwa wakati kisu kinaingia kwenye gome.

Mkejeli huchanjwa na mtani. Kwetu sisi Wagogo, mara nyingi maana yake ni Mnyamwezi. Babu zao walipita nchi yetu kavu wakibeba mizigo kwenda pwani, na babu zetu waliwatoza hongo ya njia kabla ya kuwaonyesha maji. Watu waliosumbuana hivyo, kisha wakachoka kusumbuana, hubaki na utani. Basi mtani huchanja huku akimkejeli mgonjwa, mgonjwa hujibu, na utomvu hutoka rangi ya chai. Akichanja mtu aliyenyamaza, au anayesifu, au mwenye adabu zake, hutoka mweupe.

Nimejaribu kuelewa kwa nini, na sijaelewa. Niliwahi kuuchanja mwenyewe huku nikijikejeli. Ukatoka mweupe. Nilimwomba jirani, Mgogo mwenzangu ambaye wakati huo tulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, achanje huku akinisema. Alinisema vizuri sana, hakubakiza kitu, na utomvu ukatoka mweupe kuliko maziwa. Kutoka hapo nilijua angalau jambo moja: tusi la hasira mti haulitaki. Tena utomvu wenyewe hauhifadhiki. Ikifika jioni umekuwa gundi, na gundi hiyo tunaitumia kushikiza mipini ya visu.

Mtani wetu alikuwa fundi pikipiki, aliyetoka Tabora akiwa kijana na kufungua banda lake barabarani. Nilimfahamu siku ya msiba wa baba. Waombolezaji tumekaa kimya, yeye akaingia, akajilaza kwenye mkeka wa marehemu, akajifunika shuka hadi kidevuni, akasema kwa sauti, "Uji wangu uko wapi? Nyumba gani hii, mtu anakufa hawampi hata uji?" Mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu siku iliyotangulia, alicheka mpaka akashika ukuta. Ikabidi tumpe kuku ndipo akubali kuondoka kwenye mkeka. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa nyumbani.

Yeye ndiye aliyekuwa akituchanjia. Nakumbuka mara moja nilijikata kidole gumba kwa mkasi wa kupogolea, tukapanda naye kilimani.

"Mkono huu si umezoea kunyooshwa tu kuomba?" alisema huku akinoa kisu kwenye jiwe. "Leo umeupa kazi, ona sasa, umeshtuka."

"Chanja, pagazi. Au hata kisu ni mzigo?"

"Mzigo nimezoea. Babu yangu alipita hapa na pembe la ndovu begani, kiu imemkaba. Bibi yako akamwambia, maji yapo, tangulizeni pembe."

"Akalitoa?"

"Akalitoa. Ndiyo maana leo natengeneza pikipiki."

Nilicheka, na utomvu ukateremka kwenye kipande cha kibuyu, rangi ya chai iliyokolea. Kidole kilipona. Leo lazima nikitazame kwa mwanga mzuri ndipo nilione kovu.

Kisha mwanawe na binti yangu, wote wawili wakifanya kazi za ofisini Dodoma mjini, wakapendana bila sisi kujua lolote. Siku ya posa mtani wangu alikuja amevaa suti ya kijivu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Akainamisha kichwa akamwambia mama yangu, "Shikamoo, mama."

Mama aligeuka nyuma kutazama nani anasalimiwa.

Lakini ndiyo sheria. Mkwe hakejeliwi. Tangu posa ile ilipopokelewa, yule mtu aliyejilaza kwenye mkeka wa baba akawa anasimama nikipita, ananipokea mzigo, ananiuliza habari za mizabibu mmoja mmoja. Mimi nami nikawa namjibu kwa upole, nikiangalia chini. Tulikuwa tumepata heshima kubwa, na sidhani kama kuna aliyefurahi.

Mama alipokwama na goti lake, nilikwenda bandani kwake. Aliposikia kisa aliweka spana chini, akafuta mikono.

"Mkwe, nitakuja," alisema. "Ila unajua hali yenyewe."

"Naijua, mkwe."

"Nitajitahidi."

Akaja siku ya pili, amevaa shati jeupe. Tulimpandisha mama kilimani polepole, tukamkalisha kwenye kigoda karibu na mti. Mkwe akaweka kisu kwenye gome, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Ninyi Wagogo," akaanza.

"Ehe," mama akasema kwa hamu.

"Ninyi Wagogo... mna mifugo mizuri."

"Hiyo ndiyo kejeli?"

"Inakuja, mama. Samahani."

"Usiombe samahani, utaharibu!"

"Samahani, mama."

Utomvu ukatoka. Haukuwa mweupe kabisa. Ulikuwa kama maziwa yaliyotiwa majani kidogo, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mama aliinyoosha shingo, akautazama, akasema, "Chai ya maziwa nayo ni chai." Akaanza kufungua bandeji.

Nilimshika mkono. Nilimwambia angoje, tujaribu kwanza. Nikachovya ncha ya kijiti, nikapaka tone mkononi mwangu, juu kidogo ya kiganja. Hapakutokea kitu, hata wekundu. Mama akaniambia nimeanza kuzeeka na woga. Lakini kabla hatujamaliza kuteremka kilima nilihisi unyevu ndani ya kiatu. Kovu la kifundo cha mguu, nililolipata nikiwa mtoto kwa kuangukiwa na chungu cha uji wa moto, lilikuwa limefunguka, jekundu na bichi, kama vile uji umemwagika asubuhi ile. Tone moja, kovu moja.

Tulikaa kwenye jiwe tukaliangalia. Mkwe alikuwa amepauka. Nilimwona mama akipitisha macho mikononi mwake, kwenye mikato ya mundu, kwenye alama za kuungua jikoni, kwenye paja alilowahi kupigwa pembe na ng'ombe.

"Mimi ningefunguka wote," akasema hatimaye. "Mngeniteremsha kwenye gunia."

Kidonda changu kilichukua muda kupona, kwa bandeji za zahanati, na nesi aliniuliza kwa nini familia yetu haitulii. Harusi ilizidi kukaribia. Wanawake wa kikundi waliendelea kuja jioni, mama akiongoza kwa kupiga makofi akiwa amekaa pembeni, mguu umenyooshwa mbele. Hakulalamika. Siku moja tu nilimkuta peke yake ameishika ngoma mapajani kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, bila kuibana, akiigonga kwa kidole kimoja.

Nikaendelea kutafuta njia. Kwenye simu yangu nilikuwa na sauti ya mkwe ya zamani, aliyonitumia kabla ya posa, akiikejeli pikipiki yangu kwamba inakohoa kama mzee wa Kigogo aliyenyimwa ugoro. Nikapanda kilimani, nikaicheza huku nachanja. Utomvu mweupe. Nikaongeza sauti. Mweupe tu. Nilipokwenda Kibaigwa kuuza mahindi, nilimwona mpakiaji mmoja Mnyamwezi akiwatania madalali wote kwa zamu, mwepesi wa ulimi ajabu. Nikamweleza shida yangu, nikamwomba aje atuchanjie. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Mama, nisafiri mpaka Hombolo kwenda kumtukana bibi mgonjwa? Hapa natukana wazima, tena bila nauli." Wenzake wakapiga miluzi. Nikarudi.

Aliyepata jibu ni mama mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mlenda jikoni.

"Yule bwana harusi," akasema, "si Mnyamwezi?"

"Ni mkwe wetu, mama."

"Ni mkwe wako. Kwangu mimi ni mjukuu. Mjukuu na bibi hawana heshima, ndivyo ilivyo. Akinioa yeye au akimwoa mwanao, kwangu yote sawa."

Niliacha mlenda. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa najificha nikimwona yule kijana, kama desturi inavyotaka kati ya mama mkwe na mume wa binti yake, na kitu unachokificha machoni hukifikirii. Lakini nilikuwa na shaka. Kijana alilelewa mjini, kwa shangazi yake. Alikuwa mpole, msafi, na kila sentensi yake ilianza na "naomba".

"Atamkejeli nani yule?" nikauliza.

"Tutaona. Mpigie baba yake."

Kijana alikuja Jumamosi asubuhi, kwa basi la kwanza. Nilimtangulia kwa kumpandisha mama na kumkalisha kwenye kigoda, nikamwekea kibuyu na kisu safi, kisha nikaenda nyuma ya jiwe kubwa lililo hatua chache kutoka mtini. Pale sikuweza kuonwa, wala kuona. Nikasikia hatua zao, baba na mwana, wakipanda kwa upande wa pili. Baada ya dakika chache mkwe akazunguka jiwe akanikuta. Yeye naye hakuweza kubaki kule. Haifai baba akae akimsikiliza mwanawe akimkejeli bibi wa mke wake. Tukasalimiana kwa kichwa. Tukakaa kwa nafasi ya heshima kati yetu, tukitazama shamba la zabibu kule chini kama watu waliokuja kulinunua.

"Shikamoo, bibi," tukasikia.

"Shikamoo ya nini? Umekuja kunisalimu au kunichanjia?"

"Naomba unielekeze, bibi. Nianze na nini?"

"Anza na kisu. Halafu unikejeli."

Kisu kikakwaruza gome.

"Ninyi... kwenu kuna vumbi sana."

"Hiyo ni kejeli au utabiri wa hali ya hewa?"

Mkwe wangu, kando yangu, alifumba macho kama anayeumwa jino.

"Naomba nijaribu tena, bibi."

"Jaribu. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka baharini. Wewe unabeba kompyuta kutoka meza hii mpaka meza ile, jioni unapakwa dawa ya mgongo."

"Nani kakwambia kuhusu mgongo?"

"Mkeo mtarajiwa. Aliniuliza kama bado ana muda wa kughairi."

"Bibi, jamani... utomvu unatoka mweupe."

Nilisimama nusu. Nilitaka kuona ni mweupe kiasi gani, umemwagikia wapi, kama umemgusa mama. Mkwe alinyoosha mkono kunizuia, bila kunigusa. Nikakaa. Maisha yangu yote nimeamini kile ninachokiona, na sasa nilitakiwa kukaa nyuma ya jiwe na kusikiliza.

"Pangusa," mama alisema. "Kwa jani, si kwa kidole! Kwa jani, wewe!"

Alikuwa amechelewa. Tulisikia kijana akivuta pumzi kwa meno, halafu, "Muundi wangu! Bibi, muundi wangu! Nilichanwa hapa kwenye mpira, kidato cha pili, unafunguka!"

Nikamsikia mama akicheka. Hakucheka kwa ubaya. Ni kicheko kile kinachomtoka mtu kabla hajaamua.

"Karibu," alisema. "Sasa tumekuwa wawili. Nitapiga ngoma nimelala, na wewe utaoa umebebwa. Tafuta Wanyamwezi wanne, kazi hiyo si ndiyo yenu?"

Nadhani kijana alikuwa anaangalia damu kwenye soksi yake. Aliposema tena, ile "naomba" ilikuwa imepotea kabisa.

"Ninyi watu! Babu zangu walipita hapa na kiu, mkawauzia maji ya tope. Mimi nimekuja na adabu zangu, mmechukua ng'ombe, mmechukua mbuzi, mmechukua blanketi la bibi, na blanketi lenyewe ni wewe unalo! Bado mnataka na ngozi ya muundi? Hongo hii inaisha lini?"

"Ngozi yenyewe nyepesi kama mfuko wa duka," mama akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Heri nyepesi. Yako ina makunyanzi, mtu akitaka kuichanja lazima aulize njia."

"We mtoto!"

"Na mnakula mlenda kutwa mara tatu ili maneno yateleze. Ndiyo maana mtu akija kudai maji anaondoka amelipa."

"Chanja! Chanja hapohapo!"

"Nachanja! Siogopi mti wa ombaomba, nao ukikatwa kidogo tu unanyoosha matawi!"

Mama alikuwa anacheka sasa mpaka anakosa hewa. Nilimtazama mkwe. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ameuma shati lake. Mimi nilikuwa nimejifunika khanga mdomoni. Akainama kidogo kuelekea kwangu, akanong'ona, "Angetia na ugoro," kisha akakumbuka, akakaa wima, akasema, "Samahani, mkwe." Nikamwambia si kitu.

Ghafla kule wakanyamaza.

"Bibi," kijana alisema, taratibu. "Tazama."

Nilishindwa. "Rangi gani?" niliuliza kwa sauti kutoka nyuma ya jiwe, ingawa haikunipasa kusema.

Nilisikia tu kibuyu kikigongwa kwenye jiwe. Nikauliza tena, nikasema mama asipake kitu kabla hajaniambia rangi.

"Rangi ya chai ya kwa Wanyamwezi," mama akajibu. "Maji mengi, majani ya jana."

"Ya jana ndiyo, kwa sababu sukari mliikopa ninyi," kijana akasema, na wakaanza upya.

Nilisubiri. Mtu akiwa nyuma ya jiwe hana kazi nyingine. Nilingoja nisikie kelele ya maumivu, makovu ya mama yakifunguka yote kwa pamoja, mundu, jikoni, pembe la ng'ombe. Upepo ulipita kwenye mizabibu. Kilichonifikia ni sauti ya mama akimwambia kijana ainue suruali, naye ampake muundi, na asirukeruke kama mbuzi wa mnada.

Nilipomteremsha mama nyumbani, baada ya wanaume kutangulia, niliomba nilione goti. Alinikatalia. Alisema nitamtia baridi. Usiku alilala vizuri. Nilipoamka kabla ya jua nilimkuta ameshaketi uani, kitenge kimepandishwa, akiligeuza goti upande wa mwanga. Nilipiga magoti nikalishika. Kingo zilikuwa zimeshikana, ngozi mpya ikiwa ya waridi, nyembamba lakini nzima. Nilibonyeza pembeni kwa kidole. Hakushtuka. Nilitaka tungoje siku kadhaa kabla ya kuligusisha kitu. Nilimweleza sababu zangu zote, kwa mpangilio, na alinisikiliza zote.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nipe ngoma."

Nikaileta. Aliiweka chini, akaitazama, akaivuta, akaibana. Nilikuwa nimeinama nikitazama ule mshono wa ngozi. Akapiga mara moja kwa kiganja kilicho wazi, ikatoka ile sauti nzito ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku ya waya. Ngozi haikufunguka. Akapiga tena. Mwanamke wa nyumba ya pili akapaza sauti akiwa bado kitandani, "Wewe bibi, wenzio tumelala!" Mama akamjibu kwa ngoma.

Siku ya harusi aliongoza kikundi chake tangu wageni wa Tabora waliposhuka kwenye gari. Bwana harusi alitembea vizuri, bila kuchechemea. Alipopita mbele ya wapigaji, mama alisimamisha ngoma kwa kiganja, na uwanja wote ukanyamaza.

"Huyu pagazi," akauliza, "mzigo wake uko wapi?"

Kijana akamwinamia bi harusi, akamnyanyua mikononi, gauni na vyote. "Huu hapa, bibi," akasema. "Na hongo nimeshalipa. Nionyesheni maji!"

Watu wa Tabora walipiga vigelegele, watu wa kwetu wakajibu, ngoma ikaanza tena kwa nguvu. Mimi na mkwe wangu tulikuwa tumesimama mbele, mahali pa wazazi, tukitazama chini kama inavyotakiwa, na mabega yetu yakitikisika.